Mwandiko wa Bi Mwanakombo

Ukifika Kimara, nyumbani kwa Naima muuza vitenge, utamkuta mama yake barazani: Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Kunduchi, miaka sabini na sita. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga mkono wa kulia. Chai anakunywa kwa mkono wa kushoto. Kalamu haishiki tena, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, maana mkono ule ulikuwa na mwandiko, jamani! Ungedhani umepigwa chapa.

Mwaka sabini na nne aliajiriwa kwenye ofisi moja ya utafiti wa mimea. Kufagia na kuchemsha chai, basi. Lakini hakuwa mtu wa kufagia akapita. Jani kavu likidondoka, analiokota, anauliza: hili la mti gani? Bwana Fransis, mkuu wa kitengo, alikuwa akicheka na kumjibu. Baada ya miaka miwili, anayeuliza akawa Bwana Fransis na anayejibu akawa Bi Mwanakombo. Wakaanza kumchukua msituni, mwanamke wa kwanza pale ofisini kwenda huko, kanga kiunoni, mkasi mkononi.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakata tawi lenye ua, unalilaza katikati ya magazeti, unalibana kwa mbao mpaka likauke, kisha unalishona kwenye karatasi ngumu. Pembeni unabandika kikaratasi: mmea gani, umetoka wapi, nani kaukusanya. Na hapo kwenye nani ndipo palipokuwa na mambo. Utaratibu wa kitengo ulikuwa kwamba anayeandikwa mkusanyaji ni kiongozi wa msafara, hata kama kashinda kutwa garini anasikiliza redio. Sasa Bwana Fransis mwandiko wake ulikuwa kama kuku kachakura. Nani aliviandika hivyo vikaratasi? Bi Mwanakombo! Miaka ishirini na sita, maelfu ya vikaratasi, kila kimoja "Mkusanyaji: Fransis", kwa mkono wake mwenyewe. Alijifuta kwa wino mweusi, tena kwa mistari iliyonyooka.

Alilalamika mara moja tu. Bwana Fransis akamwambia, "Mwanakombo, mie na wewe tunajua. Inatosha." Naye akaridhika, maskini ya Mungu. Mie ningemmwagia chai.

Mwaka huu akaja Stanley, kijana mtafiti wa ofisi ileile. "Shikamoo, bibi." Akaeleza kwamba kuna mmea mdogo wa maua ya manjano, ulikatwa Pugu mwaka themanini na moja, na imegundulika kwamba duniani kote hakuna aliyewahi kuuelezea. Utapewa jina la aliyeukusanya, marehemu Fransis. Wafanyakazi wa zamani wanaalikwa kwenye sherehe.

Bi Mwanakombo akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ule niliukata mie. Kwenye ufa wa jiwe, bondeni. Bwana Fransis alikuwa garini, mguu unamsumbua. Na kikaratasi niliandika mie."

Stanley akamwamini palepale. "Njoo uwaambie, bibi," akasema.

Siku zile alikuwa mtu mwingine kabisa, anaimba, anachagua baibui la kuvaa. Naima akamwonya, "Mama, usije ukagombana na watu."

"Sigombani na mtu. Nataka jina langu tu."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mmea uliwekwa mbele, ndani ya kioo, na kikaratasi chake pembeni. Dakta Projestus, mkuu wa sasa, akakinyooshea kidole. "Tazameni mwandiko huu! Aliyeandika hivi alikuwa na akili iliyotulia. Huyo ndiye marehemu Fransis." Familia ya marehemu wakapiga makofi.

Bi Mwanakombo akasimama. "Mwandiko huo ni wangu. Na mmea niliukata mie."

Afadhali Projestus angefoka. Alitabasamu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Huyu ni mama yetu, alikuwa anatuchemshia chai. Chai tamu kwelikweli! Haya mama, njoo utuandikie mstari mmoja, tulinganishe."

"Mkono wake mgonjwa, jamani!" Naima akapaza sauti. Nyuma kule mtu akacheka. Stanley alifungua mdomo, akamtazama bosi wake, akaufunga.

Angekataa, Bi Mwanakombo. Lakini hakukataa. Akashika kalamu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kifundo, akasukuma. Kilichotoka hakikuwa herufi. Akajaribu tena, karatasi ikachanika. Projestus akaiinua ukumbi mzima uione, kisha akaikunja taratibu.

"Asante, mama. Tumpigie makofi mama." Wakapiga, wallahi, wakapiga kweli! Mmea ukapewa jina la Fransis, na Bi Mwanakombo akapewa cheti cha shukrani kwa huduma ya chai.

Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio, kila mgeni asaini kabla ya kuondoka. Bi Mwanakombo akanyoosha mkono wa kushoto aombe kalamu. Karani alikuwa ameona yote yaliyotokea mbele.

"Usijisumbue, mama," akamwambia kwa upole. Akamshika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalibandika daftarini, na pembeni yake akaandika: hajui kusoma wala kuandika.