Fito za Nikolao na Tenga la Kuku

Nikolao wa Chiwata alisoma mpaka darasa la pili katika shule ya misheni. Alitoka humo akisoma kwa shida, akiandika kwa shida zaidi, na akiwa na majivuno ya kumtosha mwalimu mkuu. Jambo moja tu alilijua bila shida yoyote: kuchagua fito za mishale. Enzi zile za Mwingereza magobore yalikuwa ya wachache, lakini nguruwe mwitu walikuwa wa kila mtu. Kwa hiyo kuanzia Masasi mpaka Newala mwanamume alilinda muhogo wake kwa upinde, na aliyetaka mshale unaokwenda unakotumwa alimwendea Nikolao, akavumilia kelele zake.

Na kelele alikuwa nazo! Ufito aliukausha juu ya moshi wa jikoni mpaka uache ubishi. Uzito wake aliupima kwa kijiti kilichoning'inizwa kwa uzi, ufito mmoja upande huu, mwingine upande ule. Uliozama aliutafutia mzito mwenzake. Kisha aliulaza juu ya mawe mawili, akatundika jembe katikati, akafumba jicho moja na kuchungulia umepinda kiasi gani. Uliolegea aliutukana. "Wewe nenda ukachome dagaa!"

Mtu huyu akampenda Severina wa Newala, kule juu mlimani. Walionana kwenye sikukuu ya kanisa kule Lulindi, wakacheka pamoja mara moja tu, na Nikolao akarudi nyumbani akatia chumvi kwenye chai. Ila kwao Severina neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa Bartholomayo, mwindaji ambaye upinde wake, kwa maneno yake, uliwahi kurusha mshale ukatoboa nyati na mti uliokuwa nyuma ya nyati. Husseni, rafiki wa Nikolao, alipopeleka posa, mzee alijibu kwa mkato:

"Si anajisifu kwa mishale? Aniletee. Ikienda ninapotazama, amwoe. Isipokwenda, mlima huu asiupande tena."

Nikolao alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Akachagua fito nzito na ngumu, zile zilizobeba jembe bila kutikisa hata ukope. Upinde wa mzee hakuuona. Mposaji hagusi silaha ya mjomba, na kuuliza aliona ni kujishusha. Safari hii hata zile fito zilizolegea alizipa kazi: alizisuka tenga, akatia kuku wa zawadi.

"Shikamoo, mjomba," alisema walipofika juu.

"Marahaba. Mmepanda?"

"Tumepanda."

"Na pumzi mmeziacha wapi?"

Wakaletewa maji katika kikombe kidogo, maana yalipandishwa mlima huo huo kichwani mwa mtu. "Onja, usinywe," Husseni alimnong'oneza.

Boga likawekwa juu ya kichuguu. Watu wakajaa. Mama Severina alibaki ndani, kwa kuwa mkwe na mposaji hawatazamani usoni. Wakikutana kwa bahati mbaya, kila mmoja anatafuta pa kujificha. Bartholomayo akavuta, akaachia. Mshale ukalipita boga upande wa kushoto, ukachoma mkeka wa muhogo ulioanikwa. Wa pili ukaenda kushoto zaidi, ukagonga kinu.

"Severina!" sauti ikatoka ndani. "Muulize mjomba wako, kinu kimemkosea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikolao peke yake hakucheka. Alikuwa ameuona mkono wa mzee: uliishia kifuani, haukufika sikioni, na upinde nao ulishalegea kama mwenyewe. Ufito mgumu kwenye upinde laini haukubali kupinda kidogo ili uuzunguke mti wa upinde, unachepuka. Bingwa wa Chiwata alikuwa amezipima fito kwa hadithi ya nyati!

Sasa aseme nini? Akisema mzee amechoka, anashuka bila mke. Akisema mishale ni mibovu, anashuka bila mke na bila jina.

"Mjomba," akapiga goti, "kosa ni langu. Nimeleta mishale ya nyati, nawe unalihurumia boga. Umevuta kidogo lisije likasambaa, watu wakose mboga."

Mzee akamkazia macho. Masharubu yakamcheza.

"Kweli," akasema taratibu. "Boga hili ni zuri."

"Basi niruhusu nitafute mshale wa boga."

"Utautafuta wapi? Chiwata?"

"Hapa hapa." Akachuchumaa penye tenga, akachomoa ufito, akaukunja gotini, akaguna. Akachomoa mwingine.

"Nikolao, kuku!" Husseni akapiga kelele.

"Watanisubiri."

Hawakumsubiri. Tenga lilibomoka, kuku wakatawanyika kama watoto wa shule kengele ikilia. Mama Severina alivumilia mshale kinuni, lakini kuku kwenye muhogo wake hakuwavumilia. Akatoka mbio na ufagio. Nikolao kumwona mkwe, huyo vichakani, ufito mdomoni na jogoo kwapani! Mkwe kumwona Nikolao, akajifunika kanga usoni, akageuka, akagonga mlango kwa paji la uso. Watu walilala chini kwa kucheka.

Vichaka vikatikisika. Jogoo akalalamika kila aliponyofolewa nyoya. Ncha ikang'olewa kwenye mshale wa nyati aliopelekewa na Husseni, ikafungwa pamoja na manyoya kwa uzi na ulimbo kwenye ufito laini. Husseni akautoa nje kwa mikono miwili.

"Pokea, mjomba. Bado una joto."

Bartholomayo akavuta mpaka kifuani, akaachia. Boga likasema pwaa! Vigelegele vikapasuka.

"Mmeona?" mzee akatuna. "Ile ya kwanza nilikuwa napasha mkono."

"Tuliona, mjomba!" vichaka vikaitika.

Nyuma ya mlango Mama Severina akakohoa. "Severina, mwambie mjomba wako amwambie mshenga, naye amwambie huyo wa vichakani: kuku wangu hawajaonekana wote. Na kwa kuwa kwetu mume ndiye anayehamia, asijisumbue kushuka. Aanze kuwatafuta."

Severina akaenda penye vichaka, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mama ameingia. Toka."

"Una hakika?"

"Toka, mume wangu. Umekalia siafu."

"Najua tangu zamani," Nikolao akajibu, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nasubiri jibu."