Tanuri la Kichuguuni

Enzi zetu, miaka michache kabla ya Uhuru, tanuri halikununuliwa dukani. Lilichimbwa. La kwetu pale Mlabani, Ifakara, baba alilichimba kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, mchwa wake wakiwa wamekwisha kuhama. Baba aliwahi kufanya kazi jikoni kwa mapadri, akatoka huko na vitu viwili: suruali ya kaki na ujuzi wa kuoka mkate. Suruali ilichakaa mapema.

Kila Jumamosi aliwasha kuni mle ndani mpaka kuta zikaiva, kisha akakokoa makaa, akafagia jivu kwa majani mabichi na kurusha unga kidogo sakafuni. Unga ukigeuka rangi taratibu, mkate unaingia. Ukiungua papo hapo, tunasubiri. Harufu ilifika hadi njiani, na watu ambao wiki nzima hawakukumbuka kutusalimu walipita kutujulia hali. Mkate ukishatoka, joto halikuachwa lipotee bure. Waliingia kambale wa kukausha, wakafuatiwa na viazi, na wakati wa masika zikaingia nguo zetu za shule. Darasani tulinuka samaki, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mwalimu naye alikuwa jirani yetu na nguo zake zilipitia humo humo. Vijana wa leo shati likikosa manukato hawatoki nyumbani.

Mwaka mmoja mvua ziliwahi. Upepo uliezua paa la ghala letu, na vikapu viwili vya mpunga wa mbegu vikaloa chapachapa. Shamba lilikuwa bado halijalimwa, na jua halikuonekana. Mpunga ulioloa ukikaa hivyo huchipua mle mle kikapuni au huoza, na mbegu nyingine hatukuwa nayo. Wanaosema akiba haiozi sidhani kama wamewahi kuishi Ifakara. Bila mbegu, wazazi wangekwenda kulima mashamba ya watu, nasi tungekula kile ambacho wenye mashamba wangeamua kutupa.

Baba akasema tuukaushe tanurini. Mama akasita. Yeye alizoea kumwita kwa jina la dada yangu mkubwa.

"Baba Felista, mbegu siyo mkate. Ina uhai."

"Tanuri hili nalijua mimi," baba akajibu.

Akawasha moto, akarusha unga wake, unga ukamridhisha. Akaingiza mpunga wa kikapu cha kwanza, umetandazwa kwenye masinia. Ulitoka ukinukia kama pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaangwa na kutwangwa. Mama akatafuna punje moja, akatema.

"Huu umekufa," akasema, akaenda kuchukua kinu.

Jioni tuliula kwa kambale. Sitasema uongo, ulikuwa mtamu, na sisi watoto tulilamba vidole tukaomba kuongezwa. Mama hakula. Baba alikula kidogo bila kuinua macho.

Kikapu cha pili mama alikishika mwenyewe. Aliliacha tanuri lipoe, kisha akaniita mimi, mdogo kuliko wote, akatandika gunia bichi mle ndani na kuniketisha juu yake.

"Sali Salamu Maria, Rozi. Ikikushinda, toka."

Mara ya kwanza nilifika "umejaa neema" nikaruka nje. Mama akangoja, akanirudisha. Baba alisimama kando, mikono nyuma. Mwishowe nilisali mpaka "sasa na saa ya kufa kwetu", nikaitikia amina mwenyewe, nikaanza kusinzia.

"Mtoto anaposinzia, mbegu haifi," mama akasema. Nikatolewa, mpunga ukaingia.

Tulipanda, tukangoja. Sikuelewa mengi, lakini niliona mama ameacha kuimba akitwanga, na ndani ya nyumba tukawa tunaongea polepole kama pana mgonjwa. Asubuhi moja akanibeba mgongoni hadi shambani upande wa mto Lumemo. Majani membamba ya kijani yalikuwa yametoka ardhini, mstari kwa mstari. Mama aliinama ili niyaone, na nilimsikia akilia.

"Wadogo zako hao," akasema. "Mmetoka tumbo moja."

Nikawaambia marahaba, maana mdogo ndiye anayeamkia.

Kichuguu kile kilishasawazishwa, juu yake pana nyumba ya kupangisha. Mjukuu wangu ana oveni ya umeme yenye namba na kengele. Umeme ukikatika, keki inabonyea katikati naye anakwenda kulalamika kwenye simu. Aliniuliza zamani tulipimaje joto. Nikamwambia waliniweka mimi ndani. Akacheka, akadhani ni uzee, nami sikujisumbua kumbishia.

Siku hizi mbegu hununuliwa kwenye mfuko, imeshakaushwa na mtu usiyemjua. Nikipita kwenye mashamba makubwa ya Mngeta nauona mpunga umeenea mpaka macho yanachoka. Ni mzuri, sina neno. Ila hatujuani.