Sifa za Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulihitaji mkalimani. Mteja akileta kitambaa kinachochuja rangi, alikisifu: "Hiki, mwenzangu, watakirithi wajukuu!" Wengine walicheka, wengine walishukuru wakaenda zao.

Mke wa mwanawe, aliyetamani sana kuruhusiwa kukalia cherehani ile, alimchunguza kimyakimya. Akagundua kwamba mama akisifu huku amefinya jicho, basi anasema kinyume.

Siku moja alimpelekea gauni aliloshona kwa mkono. Akawaza: akinisifu tu, nimekwisha.

Mama mkwe aliligeuza ndani nje, akavuta mshono, akasonya.

"Mwizi mkubwa wewe! Nani kakutuma uninyang'anye kazi uzeeni?"

"Nimekosea wapi, mama?"

"Ondoka mbele yangu!" Lakini aliyeinuka kitini alikuwa yeye mwenyewe. "Haya, kaa hapo uwafukuze wateja wangu."

Binti akaketi, furaha imemjaa, ila swali likamwasha.

"Mama, siku ya harusi uliniita malaika. Ulimaanisha nini?"

Mama mkwe akafinya jicho. "Siku ile, mwanangu? Nilisema kweli tupu."