Miti Niliyoihesabu Nikiwa Kitini

Nakumbuka Jumatatu moja ya miaka ya tisini, nikiwa karani wa hesabu mjini Migori, meneja wetu alipoweka karatasi mezani pangu akasema, "Hii ni kazi yako. Ijumaa inasafiri."

Kampuni yenyewe, mwanangu, haipo tena. Ilikuwa ndogo, ikinunua majani ya tumbaku kwa wakulima na kuyauza ng'ambo. Zamani wanunuzi wa huko waliuliza uzito na bei tu. Mwaka ule walianza kuuliza mambo mengine: mmepanda miti mingapi, mnachoma kuni kiasi gani kukausha hayo majani, vijito vyenu viko hali gani. Ninyi leo mnaiita ripoti ya uendelevu, na mna semina zake. Sisi tuliiita ripoti ya mazingira, na hakuna mtu ofisini aliyejua inaandikwaje. Tulipewa sisi wa hesabu kwa sababu ilitaka nambari, basi.

Ninaandika haya kwa sababu Alhamisi iliyopita tulimzika Mzee Ochola huko kwao Kosele. Ndiye aliyekuwa mhasibu wetu mkuu. Waliotaka kusema mazishini walikuwa wengi na mimi si mtu wa kipaza sauti. Nilikaa nyuma, nikaimba nyimbo zilipoimbwa, nikarudi nyumbani. Lakini nina deni la shukrani kwake ambalo wanawe hawalijui, na nimeona nikuambie wewe, kwa kuwa juzi uliniambia kazini kwenu wamekupa kazi hiyo hiyo.

Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na baadaye cheti cha kuweka vitabu. Nilichofundishwa ni kwamba kila kitu kinachoingia kitabuni kiwe na karatasi yake. Sasa mti una karatasi gani? Moshi je? Kuni nyingi wakulima walijiletea bandani kwa mkokoteni wa ng'ombe, wengine kichwani, na mkokoteni wa huyu si sawa na wa yule. Nilipomuuliza meneja tuandike kuni zipi, alisema, "Kuni ni za wakulima, hazituhusu." Niliandika hivyo. Moyoni nilijua majani yaliyokaushwa kwa kuni hizo yalikuwa yetu, lakini nilinyamaza.

Kwa miti nilifurahi, maana karatasi zilikuwepo. Kila msimu kampuni iligawa miche ya mikaratusi pamoja na mbolea, na kila mkulima aliyepokea alitia sahihi au alama ya kidole kwenye daftari la stoo. Nilijumlisha madaftari ya misimu minne. Siku moja na nusu, kazi ikaisha. Nikapiga taipu kwa fahari: miche yote hii imepandwa na inakua vizuri.

Nitakuambia ukweli wote, maana hakuna faida kukueleza nusu. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimeona miche imenyauka nyuma ya stoo, na nilikuwa nimewasikia wakulima wakicheka habari za "miti ya ofisi." Niligeuza uso. Nafasi ilikuwa imepatikana katika ofisi yetu ya Homa Bay, ya mshahara mzuri na meza ya peke yako, na meneja alikuwa amedokeza kwamba ripoti nzuri itanisaidia. Nilikuwa na mke na mtoto mmoja katika chumba kimoja. Nilitaka ile meza.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Wakulima wasio na miti, kampuni iliwapelekea lori la kuni kila msimu. Meneja alikuwa ameandaa barua kwamba mkulima ambaye ripoti itaonyesha ana miti ya kutosha, kampuni haitampelekea tena lori la kuni msimu ujao. Atakata yake. Nilipewa niorodheshe majina. Niliorodhesha.

Jumanne mchana nikampelekea Mzee Ochola atie sahihi. Alikuwa mtu mrefu, Msabato, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii umeipata wapi?"

"Daftari la stoo, Mzee. Kila mche una sahihi au alama ya kidole."

"Sahihi ya nini?"

"Ya kupokea."

"Na hapa umeandikaje?"

"Imepandwa na inakua vizuri."

Alivua miwani. "Nani alikuambia inakua? Kidole?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Omondi, nikikupa risiti ya jembe, hiyo risiti italima?"

"Hapana, Mzee."

"Umeona mti hata mmoja?"

Nilitupa jicho mlangoni. Wenzangu wawili walikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Alinyanyuka, akaufunga taratibu, ndipo akaniambia, "Kesho lori la mbolea linaenda Ntimaru kwa wakulima. Uvae viatu vya kutembea. Mimi naenda na wewe." Hilo la kuufunga mlango, mwanangu, nililielewa miaka mingi baadaye nilipokuwa na vijana wangu wa kusimamia. Angeweza kunivua nguo mbele ya watu. Hakufanya hivyo.

Kesho yake tuliingia boma moja baada ya jingine, mimi na daftari, yeye na fimbo. Sitasema mambo yote yalikuwa mabaya. Boma la kwanza lilikuwa na mstari wa mikaratusi mizuri, minene kama paja, na mwenyewe alitutembeza kama anaonyesha watoto wake. Nilianza kupumua. Boma la pili, mitatu. La tatu, hakuna kitu, mchwa walimaliza. Ndipo tukafika kwa Mama Boke.

Alikuwa mjane wa Kikuria wa umri wa makamo, anapembua maharagwe mlangoni. Aliangalia viatu vyangu vyeusi vilivyojaa tope.

"Karibuni. Mmekuja kuhesabu watu ama mbuzi?"

"Miti, mama," nikasema.

"Ai! Miti?" Aliweka ungo chini. "Njoo nikuonyeshe. Bado iko, haijaenda mahali."

Alitupeleka nyuma ya jiko. Pale, ukutani, ilisimama miche yetu ndani ya mifuko yake ya plastiki, imepangwa safi, imeinama kwa njaa. Mizizi ilikuwa imetoboa mifuko ikatafuta udongo yenyewe.

"Hii ni ya mwaka jana," akasema. "Nainywesha maji ya kuoshea vyombo. Ya mwaka wa kwanza ilikauka, ile ingine ikaliwa na mbuzi. Hawa wamekaa kama wageni ambao hawajaitwa ndani."

"Mbona hukuipanda?" Sauti yangu ilikuwa kali, najua. Niliona ameniharibia jumla yangu.

"Nipande wapi, kijana? Mahindi napanda, tumbaku napanda, hakuna anayeniuliza. Lakini mti unakaa. Mti ni mpaka. Bwana yangu alipokufa, nilichimba shimo moja tu la mti, shemeji akaja mbio na wazee: huyu mwanamke anajigawia shamba! Tangu siku hiyo jembe langu halichimbi shimo la mti."

"Basi mbona kila mwaka unachukua?" Mzee Ochola aliuliza, kwa upole.

"Mzee, kwani wewe si ndiye wa ofisi? Bila kupiga kidole kwa miche, mbolea hutoki nayo. Si ndiyo sheria yenu?"

Ndiyo, ilikuwa sheria yetu. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka mitatu na sikuwahi kujua.

Mzee akanigeukia. "Msomee."

"Nimsomee nini?"

"Uliyoandika. Yeye yumo. Msomee."

Nilifungua karatasi nikasoma jina lake, hesabu ya miche ya misimu minne, na maneno yangu: imepandwa na inakua vizuri. Mama Boke alicheka mpaka akaketi kwenye gogo. "Inakua vizuri! Mungu wangu! Watu wa ofisi!" Hata Mzee alitabasamu.

"Endelea," akaniambia.

Nikasoma orodha ya pili. Kwamba mkulima huyu ana miti ya kutosha, msimu ujao hatapelekewa kuni.

Kicheko kiliisha. Mama Boke alitazama banda lake la kukaushia, lenye mlango wa bati, tupu.

"Sasa majani yangu nitakausha na nini? Na hiyo karatasi?"

Nilikunja karatasi.

"Kijana, nina watoto wawili shuleni kwa hiyo tumbaku. Tena mimi sikudanganya mtu. Nilipiga kidole kwa kupokea. Habari ya kupanda hamkuniuliza."

Hayo maneno ya mwisho hayana kelele, ukiyasoma. Lakini nimekaa nayo umri wangu wote wa kazi. Alikuwa amesema kweli kuliko mimi niliyesoma, na kweli yake ilikuwa kwenye daftari langu siku zote. Mimi ndiye niliyeongeza lililokosekana, nikiwa nimekaa kitini.

Tulifika maboma kumi na moja siku ile. Kwenye lori la kurudi, Mzee hakunihubiria. Alisema tu, "Kesho umwambie meneja."

"Mzee, wewe ni mkubwa. Ukimwambia wewe..."

"Mimi siye niliyeandika."

Alhamisi niliandika upya. Niliweka safu tatu: miche iliyotolewa, miti tuliyoiona imesimama, na kwa maboma yote ambayo hatukufika niliandika neno moja, "hatujahesabu." Kwenye kuni niliandika kwamba hatuna kipimo, na kwamba zinakausha majani yetu. Meneja aliisoma akiwa amesimama.

"Nilikuomba ripoti, umeniletea maungamo ya kanisani!"

"Ndiyo tuliyoyaona, bwana."

"Siku hizi wahasibu wamekuwa mabwana shamba? Maboma kumi na moja! Tuna mamia ya wakulima."

"Ndiyo maana nimeandika hatujahesabu."

"Watatucheka. Lete ile ya kwanza."

Nikasema, "Ile ya kwanza ni ya uongo, bwana. Mimi ndiye niliyeuandika na ninauondoa."

Alimgeukia Mzee Ochola. Mzee alikuwa anafuta miwani yake. "Ile ya kwanza siitii sahihi," akasema. "Na hiyo barua ya kuni, afadhali uingojeshe. Kuna mwanamke huko ataanguka, na sisi ndio tutakuwa tumemsukuma."

Ijumaa ripoti ilisafiri na safu zake tatu. Wanunuzi hawakucheka. Walijibu kwa maswali mengi zaidi, kazi ikaongezeka. Barua ya kuni iliwekwa kando msimu huo, na lori lilifika kwa Mama Boke kama kawaida. Nilihakikisha kwa dereva. Ile sheria ya kufunga mbolea na miche pamoja iliondolewa baadaye. Ile miche nyuma ya jiko sijui iliishia wapi. Sitakuambia iligeuka msitu, kwa sababu sikuiona.

Nafasi ya Homa Bay alipewa mwingine. Mke wangu alinuna kwa siku kadhaa, na haki ilikuwa yake. Nilipokwenda kumshukuru Mzee kwa kunisimamia, alinikata kauli: "Usinishukuru. Maboma yamebaki." Basi nilitembea miezi, Jumatano baada ya Jumatano, mpaka safu ya tatu ikaanza kupungua. Nilifika Homa Bay miaka miwili baadaye, nikiwa ninajua nchi hii kwa miguu.

Nilimtazama Alhamisi wakimteremsha, nikawaza ni watu wangapi wamekula kwa amani kwa sababu mzee yule aliuliza swali moja kabla karatasi haijatoka. Nililia kidogo. Zaidi nilishukuru.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Kazi uliyopewa itakuletea nambari ambazo hazina mwenyewe: za maji, za moshi, za miti, za watu. Kila mmoja atakupa yake haraka na atataka yako haraka. Kabla hujaandika nambari, uliza ile sahihi ilikuwa ya nini, kisha usiisemeshe zaidi ya hapo. Nenda ukaone, hata mahali pachache. Na usipoweza kufika, andika kwamba hujafika. Neno "hatujahesabu" haliui ripoti. Wala usiseme jambo fulani haliwahusu kwa sababu tu limetokea shambani kwa mtu mwingine. Na ukishaandika jina la mtu, jiulize kama ungeweza kumsomea mstari ule mlangoni pake, ukimtazama. Ukiona aibu, futa uanze tena. Ukikosea, sema wewe mwenyewe. Usimtume mkubwa wako. Na siku utakapokuwa mkubwa, funga mlango kwanza ndipo ukemee.

Mungu akupe macho ya kuona na viatu vya kukufikisha. Akupe mkuu wa kazi asiyetia sahihi uongo, na usipompata, akufanye wewe kuwa huyo kwa wanaokuja nyuma yako. Ule mkate wako bila kuogopa mtu wa kubisha hodi. Amina.