Duka Pacha

Jirani akitundika picha za tembo dukani, fundi naye hutundika. Jirani akileta sabuni za mwani, naye huleta. Watalii huyatazama maduka mawili yaliyofanana, kisha huingia la jirani, lenye kiyoyozi, naye hubaki mlangoni na "karibu" yake iliyochoka. Vidole vyake tu, vyeusi bado kwa rangi ya kupakia viatu, ndivyo vinavyokumbuka kuwa zamani mtaa mzima wa Mkunazini hakukuwa na mshonaji mwingine wa makubadhi ya ngozi ila yeye.

Leo kaja Mzee Mahfoudh. "Fundi, nnaoza mjukuu. Nshonee makubadhi."

Bila ya kufikiri akapiga magoti, akampima unyayo kwa shibiri. Hapo ndipo alipokumbuka: ngozi hana, na sindano keshaziuza.

"Chukua sabuni, mzee wangu," akasema, bado yuko chini.

"Sabuni si hata jirani yako anazo?"