Nilimwambia Baba Mkwe Gari Halina Shida

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe, ila kisa kiweke kama kilivyo, hata pale ninapojiaibisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, fundi magari hapa Bariadi, nina mke na watoto watatu. Magari ya zamani ndiyo hasa ninayoletewa, kwa sababu mafundi wengi wa siku hizi gari lisilo na kompyuta wanaliogopa. Baba mkwe wangu anaishi Dutwa. Ameendesha maisha yake yote, kuanzia malori ya pamba mpaka pikapu yake ya petroli, na alikuwa akitamba kwamba hajawahi kugonga hata kuku. Ni kweli, hakuwahi.

Mwaka jana kabureta ya ile pikapu ilichoka kabisa. Yenyewe halisi haipatikani, tukapata nyingine Mwanza, ya kufanana tu. Kabureta za namna hiyo zinataka akili: unabadilisha njia za mipira, halafu ule mkono unaovutwa na waya wa eksileta lazima uvutike na urudi bila kugusa kitu. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikafanya kazi peke yangu uani kwake. Mpira wa mafuta niliufunga vizuri. Mpira wa hewa unaokwenda kwenye breki ulikuwa mfupi, nikaupitisha karibu na ule mkono, nikaubana kwa klipu. Nikawasha, gari likanguruma vizuri mno.

Kilichobaki kilikuwa cha dakika moja. Unazima gari, mtu anakanyaga mafuta mpaka chini, wewe unaangalia kwenye boneti kama mkono unarudi. Sasa mama mkwe alikuwa ameshapanda, amekaa mbele na kitenge chake kipya, wanawahi ubatizo wa mjukuu kule Mkula. Mnaotoka huku kwetu mnajua: mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatukai pamoja, tukikutana njiani mmoja anapita pembeni. Ningeingiaje kwenye ile kabini na kuinama karibu na miguu yake? Baba mkwe alipotoka ndani angeweza kukanyaga yeye, ila aliniuliza, "Mkwe wangu, tayari?" nikaona nikisema bado, nitaendelea kuzungukazunguka mbele ya mama wa watu. Nikasema tayari.

Hawakufika Mkula. Baba mkwe alikanyaga mafuta kulipita lori, gari likashika mwendo na halikupungua tena. Mbele kulikuwa na watu wanatoka mnadani, akaona bora alitie mtaroni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mama mkwe alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea na fimbo, shambani haendi.

Nilipoitwa kuliangalia gari, nilifungua boneti tu nikaona. Mkono wa kabureta ulikuwa umenasa chini ya klipu niliyoifunga mimi. Nikausukuma kwa kidole, ukarudi. Nikafungua klipu haraka, nikausogeza mpira upande wa pili. Baba mkwe alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, ana bandeji kichwani.

"Mimi mguu niliutoa kabisa," akaniambia. "Gari ndilo lilikataa. Umeona nini, mkwe?"

"Hakuna kitu, baba. Gari halina shida."

Akautazama mguu wake wa kulia, kisha akasema, "Basi ni huu mguu." Ana kisukari, na vidole vya mguu wa kulia huwa vinakufa ganzi, kwa hiyo kila mtu alikubali bila kuuliza. Fundi ameshasema, nani abishe? Ndugu zangu, nilisikia nafuu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba nilisikia nafuu.

Kikaitishwa kikao cha familia. Mzee yule akasimama mbele ya watoto wake wote akamwomba mkewe msamaha kwa kumvunja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, naangalia viatu vyangu. Mke wangu toka siku hiyo hazungumzi na baba yake. Anasema, "Alijua mguu ni mbovu, akampakia mama yangu." Watoto hawapeleki Dutwa. Nikijaribu kumtetea mzee ananiambia nina moyo mzuri sana. Sasa mashemeji wamekubaliana mzee asiendeshe tena, pikapu nipewe mimi, kwa kuwa ndiye ninayeijulia, na Jumamosi hii nimeitwa kukabidhiwa funguo.

Juzi baba mkwe akanipigia, akaanza kwa salamu ya Kisukuma. "Mwangaluka, mkwe." Akaniambia amekwenda kupimwa mguu, daktari amemgusagusa unyayo wote, ganzi ni ya vidole tu, mguu una nguvu zake. Nikafurahi, mjinga mimi. Akaendelea taratibu, "Sasa kama si mguu, ni kichwa. Nakumbuka kabisa nilitoa mguu, kumbe sikutoa. Akili zimeanza kuniacha, mkwe wangu. Nimekuambia wewe tu, binti yangu asijue. Nimeanza kuandika majina ya wajukuu kwenye daftari, nisije nikayasahau."

Nikamjibu, "Sawa, baba." Hayo ndiyo yaliyotoka mdomoni mwangu.

Mzee ana akili timamu kuliko mimi. Anakumbuka kila kitu sawasawa, na mimi ndiye ninayemfanya ajione anachanganyikiwa. Nikisema, naweza kupoteza mke, na mjini hapa nani ataniletea gari tena? Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mkimaliza mnisaidie: nimfuate peke yake kabla ya Jumamosi, au nisimame mbele ya wote kama alivyosimama yeye? Na neno la kwanza liwe lipi? Kila nikijaribu kulipanga, namwona ameinamia lile daftari, anaandika jina la mwanangu.