Kamati ya Kitabu cha Senge

Milango ya mtaa wa Tena, Nairobi, yote ilifanana, na Nasambu alikwisha kuwapigia hodi watu wasiomjua kabla hajaipata nyumba ya Patrobas, mtoto wa kaka yake, aliyemwita senge, yaani shangazi. Alikuwa ametoka Webuye kwa jambo moja tu. Patrobas, karani wa suti na maneno mengi, alikuwa ameahidi kuandika kitabu cha maisha ya shangazi yake. Kijijini walidai alimlisha sumu mumewe wa kwanza. Nasambu alitaka ukweli uandikwe angali hai, kabla wahubiri hawajausimulia uongo huo juu ya jeneza lake.

Sebule ilikuwa imejaa watu kwenye viti vya kukodi.

“Nani amekufa?” akauliza.

“Senge, karibu! Hii ni kamati ya maandalizi ya kitabu chako,” Patrobas akamjibu, kifua mbele.

Huku Nairobi hata kitabu huundiwa kamati, kama harusi. Waliiombea kalamu mpya, ambayo ilikuwa bado kwenye kisanduku chake. Mwenyekiti Matheka akasoma ajenda: mgeni wa heshima siku ya uzinduzi, vitenge vya kina mama, keki. Picha ya jalada ilikuwa tayari. Patrobas alipigwa picha studio akiwa ameshika shavu, mithili ya mtu anayeumwa jino.

“Nianze na mume wa kwanza?” Nasambu akauliza.

“Subiri, mama,” Matheka akasema. “Maisha yako yamo kwenye mengineyo, mwisho wa ajenda.”

Chai ikazunguka. Keki iwe kitabu kilichofunguliwa au kilichofungwa? Watu wazima wakanuniana. Kilichofungwa kikashinda, maana hakuna aliyejua kurasa ziandikwe nini. Yalipofika mengineyo, Matheka akatazama saa na kuyaahirisha hadi Jumapili ijayo.

“Patrobas, umeandika nini mpaka sasa?” Nasambu akauliza.

“Senge, kitabu si barua. Lazima mtu ajiandae.”

“Kwa hiyo mume wangu aliyeumwa na nyoka ataendelea kuuawa na mimi mpaka mmalize kujiandaa?”

Kavinya, katibu, akaacha kuandika kumbukumbu za mkutano. “Nyoka? Nyoka gani, mama?”

Nasambu akauchukua mkoba wake. “Nisindikize kwenye basi, nikwambie.”

Wakatoka pamoja, Nasambu akiwa ameshaanza kusimulia kabla ya kufika langoni. Patrobas akanyanyuka kuwafuata.

“Katibu ametoka,” Matheka akasema. “Nani atamshikia nafasi?”

Patrobas akaketi, akainua mkono.